Mzee wa Zamu na Mashine za Melini

Sikutaka kuandika, na niliwaambia wazi. Michelle, yule anayetengeneza jarida la kikundi chetu, alinifuata Ijumaa tatu mfululizo. Hata nikiwa kwenye foleni ya lango la makanisa pale Mesaimeer, jua limenikalia utosini, bado ananivuta mkono mimi bibi kizee: "Shosho, tuandikie ile ya Omondi na meli." Kwani nyinyi hamna mikono? Watu wana digrii mbili mbili wanakuja kumsumbua mwanamke aliyeachia shule darasa la tatu, ambaye mkono wake umezoea kusukuma chapati, si kalamu. Lakini nikasikia kuna wengine wameanza kuisimulia, na wanaisimulia vibaya, eti Omondi alirogwa. Hakurogwa. Alikuwa mjinga kwa siku tatu. Mtu akiwa mjinga siku tatu tu katika maisha yake, huyo ni afadhali kuliko wengi ninaowajua, na baadhi yao watasoma hapa. Basi kaeni.

Omondi ni dereva. Ana miaka kumi na tisa hapa Doha, na kumi na minne kati ya hiyo amewaendesha watu wa familia moja ya Kihindi inayokaa kule Pearl, ghorofani, mahali ambapo hata lifti ina marashi. Yeye mwenyewe analala Najma, chumba kimoja na wanaume watatu, juu ya duka la fundi wa kanzu. Ni mrefu, mkavu, na shati lake hupigwa pasi hata siku ya kwenda kununua vitunguu. Hapigi honi. Anasema honi ni ya watu waliochelewa kwa makosa yao wenyewe.

Lakini udereva sio uliompa jina. Lililompa jina ni kopo.

Wana chama chao, watu kumi na wawili, wanaume kwa wanawake. Kila mwezi kila mmoja anatoa, na mmoja anakula. Ijumaa ya kwanza ya Januari namba zinaandikwa kwenye vikaratasi, moja hadi kumi na mbili, zinakunjwa na kutiwa kwenye kopo tupu la maziwa ya chai. Omondi anatikisa, kila mtu anachomoa. Ukichomoa moja, unakula Januari. Ukichomoa kumi na mbili, unangoja Desemba na unafunga mdomo. Miaka tisa Omondi ndiye aliyeshika kopo hilo. Mwaka mmoja Phoebe, anayefanya kazi hotelini na ambaye ulimi wake unauza hata mchanga, alimletea omena wa kukaanga kutoka nyumbani ili ambadilishie namba tisa apate tatu. Omondi alikula omena wote, akalamba vidole, akamwambia, "Asante sana dada. Tuonane mwezi wa tisa." Tangu siku hiyo wakamwita Mzee wa Zamu.

Akalipenda jina hilo. Alilivaa kama lile shati lake. Ukimvua hilo jina, anabaki dereva tu, na madereva Doha ni wengi kama taa za barabarani.

Sasa, msimu huu wa baridi ile familia ikaamua kupanda meli kubwa ya matembezi, zile zinazotia nanga pale bandari ya zamani kama ghorofa lililopotea njia. Siku saba, kwenda na kurudi. Mama wa bosi wake ni mzee, anatembea kwa kiti cha magurudumu, na wote nyumbani wanamwita Mataji. Nani atamsukuma? Wajukuu wana simu mikononi. Ikawa Omondi. Akabeba mashati sita na pesa zake za mabati, alizokuwa ameshazigeuza dola ili azitume kwao Ugunja, nyumba yake ipate paa. Hakutaka kuziacha chumbani. Alisema meli ina usalama.

Meli haijatoka hata bandarini, Omondi akaona ghorofa ya sita kuna ukumbi umefungwa kwa mnyororo, na nyuma ya mnyororo mashine zimejipanga, zimezimwa. Akamuuliza mhudumu ni nini hizo. Akaambiwa ni mashine za kucheza pesa, zitafunguliwa meli ikishatoka kwenye maji ya Qatar.

Hapo mtu mwenye akili angejiuliza swali moja. Kama kitu ni cha haki, kwa nini kingoje kutoka nchini ndipo kifungue macho? Duka la fundi wa kanzu halingoji kufika katikati ya bahari ndipo lipime kitambaa. Omondi hakujiuliza. Alikuwa anahesabu mashine.

Mataji alipenda taa. "Omondi," akasema jioni ile meli ilipotoka, "nipeleke nikaone zile zinazowaka." Akampeleka. Humo ndani hamna dirisha wala saa ya ukutani. Viti vimegongomelewa sakafuni. Picha za matunda na kengele zinazunguka, zinasimama, zinazunguka tena, na watu wazima wenye wajukuu wao wanabonyeza na kubonyeza kama mtu anayeita lifti iliyoharibika.

Mmoja alikuwa mzungu wa kaptula nyekundu. Aliilisha mashine yake saa nzima. Haikumpa kitu. Mwisho akainuka, akajipapasa tumbo, akaenda kula. Kiti kikabaki wazi, bado kina joto lake.

Hapo ndipo kichwa cha Omondi, kile kichwa cha miaka tisa ya kopo, kikafanya kazi yake ya kila Januari. Huyu ametoa saa nzima na hajala. Pesa alizozitoa zimo humo ndani, hazijakwenda popote. Kwa hiyo anayekaa sasa ndiye mwenye zamu.

Akakaa. Akatia dola kumi. Akabonyeza mara nne bila kitu. Mara ya tano kengele zikalia, taa zikamwagika, mashine ikamwandikia dola arobaini.

"Nimekula!" Omondi akapiga kelele kwa Kiswahili, katikati ya wazungu. Mataji akapiga makofi.

Ile mashine ingemnyima siku ile, leo ningekuwa jikoni kwangu badala ya kuandika.

Kesho yake meli ikatia nanga mji mwingine, simu ikashika mtandao. Omondi akasimama kando ya kiti cha Mataji, akarekodi sauti, akaituma kwenye kundi la chama. Nimeisikia mwenyewe, msidhani natunga: "Jamani, ni mimi. Watu wanaogopa hizi mashine bure. Ni kama chama tu. Ina zamu. Unakaa unatazama nani ametoa sana na hajala, akiondoka unakaa wewe. Jana nimekula. Nikirudi nitawafundisha."

Ingekuwa sauti ya mtu mwingine, Najma wangecheka mpaka chai ipoe. Lakini ni Mzee wa Zamu aliyesema kuna zamu. Nani ambishie? Ile sauti ikapigwa na kurudiwa. Na aliyeirudia kuliko wote alikuwa Joram.

Joram ni mlinzi, mwanachama mwenzao. Miaka kumi na moja amefungua na kufunga geti la watu wengine. Mkataba wake ulikuwa umeisha, malipo yake ya mwisho ameshapewa yote, na wiki mbili baadaye alikuwa arudi kwao Kakamega kabisa, harudi tena huku. Akaamua kwamba kabla ya kuruka atapanda meli siku nne. Akamwandikia Omondi: "Mzee, nitafutie mashine iliyonona."

Siku ya tatu meli ilikuwa baharini tena, ukumbi wazi tangu asubuhi. Yule wa kaptula nyekundu akarudi kwenye mashine ile ile, akailisha saa mbili. Akaondoka mikono mitupu. Akaja mwanamke mmoja na glasi yake, naye akatoa, akaondoka. Omondi akaona moyoni mwake kwamba hii sasa imeshiba hadi kooni. Akamwegesha Mataji pembeni, akakaa, akatoa pesa za mabati.

Akabonyeza. Ikamrudishia kidogo, ikachukua. Ikamrudishia kidogo, ikachukua zaidi. Mataji akasinzia. Bati la kwanza likaenda, la pili, la kumi.

Msichana mmoja wa kazi hapo, sare nyeusi, kifuani kibao kimeandikwa Chelsea na chini yake Kenya, akamkaribia.

"Mzee, habari? Umetoka wapi nyumbani?"

"Ugunja."

"Mimi Nakuru. Mzee, chakula cha mchana karibu kinaisha huko juu. Leo kuna samaki."

"Samaki watangoja. Zamu yangu iko karibu."

"Zamu gani?"

Omondi akamweleza, polepole, kama anavyomweleza mwanachama mpya. Chelsea akacheka. Halafu akaona mzee hacheki, akaacha.

"Baba, nyumbani mko na chama?"

"Mimi ndiye ninayeshika kopo," akasema Omondi, akajinyoosha kitini.

"Basi niambie. Namba ikishachomolewa, inarudi kwenye kopo?"

"Itarudije? Huo utakuwa wizi. Aliyekula amekula, angojee wengine."

"Hapa inarudi, baba. Kila ukibonyeza, namba zote zinarudi ndani na kopo linatikiswa upya. Haijui yule wa kaptula ametoa ngapi. Haijui hata kama wewe umekaa hapo."

Omondi akaitazama mashine. Akaitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyesema ni ndugu yake.

"Na serikali haiji kuikagua?"

"Ya wapi? Bendera ya meli uliiona kule nyuma?"

"Niliiona. Ya kisiwa fulani, hata sikijui."

"Kaulize huko. Mimi nimepewa kazi ya kutabasamu na kuleta maji."

"Kwa hivyo inaiba."

"Haiibi. Pale chini, kwa herufi kama sisimizi, wameandika kwamba ni bahati nasibu. Haiibi, inakula kidogo tu kila ukibonyeza. Wewe umebonyeza mara ngapi tangu asubuhi?"

Kichwa kilishasikia, lakini kiburi kilikuwa bado kimekaa kitini. "Wewe mtoto wa juzi utanifundisha mimi zamu?" akamwambia. Chelsea akampa maji, akaenda zake. Omondi akabonyeza mpaka bati la mwisho na misumari yake.

Mataji alipoamka akamtazama usoni. "Omondi, hizi taa zimekuumiza macho. Nipeleke nikaone maji."

Mwizi wa kawaida angalau hukumbuka nyumba aliyoiingia, ndiyo maana hapiti hapo tena mchana. Ile mashine haikumkumbuka Omondi hata kwa kope moja. Alimsukuma Mataji hadi kwenye ukuta wa meli, na hilo ndilo lililomuuma kuliko mabati: kwamba saa zote zile alikuwa anasubiri heshima kutoka kwa kitu kisichojua kwamba yupo.

Walirudi Doha Alhamisi. Kesho yake ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya Januari, siku ya kopo.

Baada ya ibada wakakusanyika Najma, mgahawa ule wa kona ambako chai ya karak huja kwenye vikombe vya karatasi na sukari ya pakiti huwekwa mezani bila kuhesabiwa. Wote kumi na wawili. Joram alikuwa mmoja wao: alikuja kuaga, maana mwaka huu hatakuwamo, na kumchomolea namba yule aliyepewa nafasi yake, ambaye siku hiyo alikuwa kazini. Simu yake ilikuwa mezani, uso juu, ukurasa wa tiketi ya meli ya Jumanne umefunguliwa.

"Mzee wa Zamu!" akasema. "Nimejaza kila kitu. Niambie tu namba ya mashine, nibonyeze nilipie."

Na Omondi, Bwana mwenye shati la pasi, akafanya nini? Akadanganya.

"Ile mashine iliharibika," akasema.

"Iliharibika ikiwa imejaa au tupu?"

"Imejaa," akasema Omondi.

"Wacha!" Joram akapiga meza. "Kwa hivyo wakiitengeneza, ina siku ngapi haijalisha mtu?"

"Hiyo ni yako kabisa, ndugu," akasema Mutai, fundi wa viyoyozi, mtu ambaye huchekea kila kitu kwanza halafu anauliza. "Ukikula, usisahau tulikunywa chai pamoja."

"Ninunulie na mimi tiketi," akasema Damaris, muuguzi, kwa ile sauti yake kavu, "nikusaidie kubeba."

Wakacheka. Omondi hakucheka. Alikuwa anatazama kidole cha Joram. Kidole kile kimebonyeza kitufe cha geti miaka kumi na moja, magari ya watu yapite, na sasa kilikuwa kimesimama juu ya kioo cha simu, na nyuma yake ziko pesa za jasho la miaka kumi na moja. Akajua kwamba akisema ukweli, jina lake limekwenda. Akajua pia kwamba asiposema, Joram atakwenda.

"Joram," akasema. "Geuza hiyo simu kifudifudi."

"Kwa nini?"

"Geuza, nimesema. Leteni sukari."

Akagawa pakiti za sukari, tatu tatu, kwa watu kumi na mmoja. Akachukua kopo, akatoa kikaratasi cha kumi na mbili akakiweka chini ya kikombe chake. Zikabaki namba kumi na moja, na kila mtu akapewa yake kwa mdomo. Joram nne, Mutai saba, Phoebe mbili, na kuendelea.

"Mimi ni meli," akasema. "Kila mtu anaweka pakiti moja. Nachomoa. Namba yako ikitoka, nakulipa kumi. Ya kumi na moja ni yangu, ya kuwasha taa."

"Moja tu? Si mbaya," akasema Mutai.

Akachomoa. Saba. Mutai akapewa pakiti kumi, akazibusu. Kisha Omondi akakikunja kile kikaratasi, akakirudisha kwenye kopo.

Meza nzima ikapiga kelele.

"Unafanya nini?" Damaris akasimama. "Ameshakula! Inarudi aje?"

"Melini inarudi."

"Huo ni upuuzi!"

"Weka sukari yako, Damaris."

Akachomoa ya pili. Mbili, ya Phoebe. Akairudisha. Akachomoa ya tatu. Saba tena. Mutai akapanda juu ya kiti, na mwenye mgahawa akatoka jikoni kuona ni nani amezaliwa. Watu tisa hawakuwa na hata pakiti moja.

"Mimi sijawahi kutoka," akasema Joram.

"Mara ya nne utatoka?"

"Si zamu yangu ndiyo..." Joram akaanza, halafu akaliangalia kopo, namba zote kumi na moja zimo ndani kama mwanzo.

Phoebe alizoa pakiti zake kumi, akazitia kwenye mkoba, akafunga zipu. "Mimi nimeshiba." Kati ya wote pale, muuza mchanga ndiye pekee aliyejua kuondoka.

"Mutai, endelea," akasema Omondi.

Mutai akaendelea, peke yake, na rundo lake la ishirini. Akaweka moja: ikatoka tatu. Akaweka moja: ikatoka tisa. Mara moja saba ilitoka, akaongezewa kumi, akaimba. Chai ikapoa, ikaletwa nyingine. Wimbo ukapungua. Alipoweka pakiti ya mwisho alikuwa haangalii kopo tena, anaiangalia mifuko ya shati la Omondi, jinsi ilivyofura, ile pasi yote imekunjika.

"Mutai ameshinda mara tatu," akasema Joram polepole.

"Mara tatu," akasema Omondi. "Mutai, tia sukari kwenye chai yako tuone."

Mutai akafunua viganja. Vitupu. Kwa mara ya kwanza nasikia hakuwa na la kuchekea.

"Lakini hukutuibia," akasema Joram. "Tumekuona ukichomoa. Kila namba ilikuwa moja. Sasa hiyo ni haki au si haki?"

"Hakuna aliyependelewa," akasema Omondi. "Kila mtu alikuwa sawa na mwenzake. Sasa angalia sukari iko kwa nani."

Damaris, ambaye hakosi kuuliza kile ambacho wengine wanakizunguka, akamtazama.

"Na mabati ya Ugunja?"

"Yamebaki melini," akasema Omondi. "Yote. Hakuna mashine iliyoharibika. Nilidanganya. Na ile sauti niliyotuma, ifuteni. Hakuna zamu kule."

Nani mwingine kati yenu angesema hivyo mbele ya watu kumi na mmoja? Mnajua mara ngapi mmepotea njia humu humu Doha mkasema ni barabara iliyohamishwa.

Damaris akanyoosha mkono. "Miaka tisa umeshika kopo letu, Baba, na siku moja ukaliona kwa mzungu ukadhani ni lenyewe. Lete."

"Damaris, jamani," akasema Phoebe.

"Nimesema alete. Aliyelichanganya alipumzishe."

Omondi akalifuta kopo kwa leso, ndani na nje, akatoa kile kikaratasi chini ya kikombe, akakitia ndani, akampa. Damaris akatikisa. Wakachomoa mmoja mmoja, na safari hii hakuna kilichorudi. Omondi akachomoa wa mwisho. Kumi na mbili. Desemba. Akakikunja, akakitia mfukoni kati ya sukari, akafunga mdomo, maana ndiyo sheria, na aliyeitunga ni yeye.

Joram aliichukua simu yake, akaufunga ule ukurasa, akalipia chai ya wote. Akaruka Kakamega na kila senti yake. Nasikia amenunua mashine huko. Ya kusaga mahindi. Hiyo ukitia gunia, unapata unga, na jirani akitia lake, anapata lake, na haihitaji kufungiwa mnyororo mpaka ifike baharini.

Nimemaliza. Sasa wewe uliyekaa ukasoma, usiniambie eti ni kisa kizuri. Inuka. Tafuta kopo, andika namba kumi na moja, chagua yako moja, jipe pakiti ishirini za sukari, uchomoe na kurudisha mpaka ziishe, na uandike umechomoa mara ngapi. Ijumaa uniletee hiyo karatasi pale langoni Mesaimeer, mkononi mwangu, si kwa Michelle. Na hiyo sukari uje nayo, maana mimi chai yangu nakunywa ya vijiko vitatu, na sitaki kusikia kwamba umeila.